Banksia na Posamu wa Asali: Nani Anamtenda Nani?

Mwanafunzi akiambiwa alinganishe mmea na mnyama, huanza na orodha: huu una mizizi, yule ana miguu. Tuiache orodha, tutazame vitenzi.

Kusini-magharibi mwa Australia huishi posamu wa asali, mnyama wa mfuko mwenye uzito wa gramu 10 hivi. Jina linadanganya, maana hali asali. Chakula chake ni mbochi na chavua tu, na maua ya banksia humpa vyote viwili. Ulimi wake ni mrefu, ncha yake kama brashi. Akiingiza pua ndani ya ua, chavua humnata manyoyani, naye huipeleka kwenye ua jingine.

Kwa Kiswahili tunasema: banksia inamlisha posamu, posamu anaichavusha banksia. Vitenzi vyote viwili vina umbo la kutendesha, na kila kimoja kinambeba mwenzake kama yambwa. Kinachowatenga ni upatanisho: i- kwa mmea, a- kwa mnyama. Basi msomaji hudhani mwenye a- ndiye mwenye nia. Sivyo. Posamu anatafuta kula. Kuchavusha ni tokeo tu. Mfasiri wa somo la biolojia angeandika "hubeba chavua", angekosea kidogo zaidi.

Sasa Phytophthora cinnamomi, kimelea cha udongoni, inaozesha mizizi ya banksia. Pale zinapokufa kwa wingi, sentensi ya kwanza inageuka "haimlishi". Ya pili haingoji kukanushwa: posamu naye hayupo tena.