Poti imefungwa? Usikimbilie kununua ruta mpya

Mimi nauza vipuri vya pikipiki, elimu yangu fomu foo, haya ya kompyuta nimejifunza mwenyewe usiku nikishafunga duka.

Nyumbani nina kompyuta ya zamani, ndiyo seva yangu, inatunza mauzo na stoo. Nikiwa nyumbani inafunguka freshi, nikifika dukani inagoma. Fundi akaiangalia dakika tano, akasema ruta imekufa. Nikatoa 85,000 kwenye mtaji, nikanunua nyingine. Tatizo lilelile!

Poti ni kama dirisha la kuhudumia wateja. Kila programu ina dirisha lake lenye namba, na namba zinafika mpaka 65535. Linaweza kuzibwa sehemu tatu, kwa hiyo anza ndani uende nje.

Chukua simu iliyo kwenye Wi-Fi ya hapo nyumbani, andika anwani ya kompyuta na namba ya poti, mfano 192.168.1.20:8080. Ikigoma hapo, ruta usiiguse kwanza. Labda programu haijawaka, au faiawoli ya kompyuta inazuia, au programu inasikiliza 127.0.0.1 tu, yaani inaongea na kompyuta yake peke yake. Hiyo ibadilishe iwe 0.0.0.0.

Ikikubali, ingia kwenye ruta uone poti inaelekezwa kwa kompyuta ipi. Yangu ilikuwa .20, umeme ukakatika, ikaamka na .23. Nikaifungia namba moja ya kudumu. Halafu unapojaribu kutoka nje, zima Wi-Fi utumie bando, maana ruta nyingi ukizijaribu kutoka ndani zinakudanganya.

Nilifanya yote hayo, bado. Ndipo nikaangalia anwani ambayo ruta imepewa na kampuni ya intaneti: inaanza na 100.72. Ukiona kuanzia 100.64 mpaka 100.127, au inaanza na 10, ujue mpo wateja wengi nyuma ya anwani moja. Anwani za IPv4 ni kama bilioni 4.3 tu dunia nzima, hazitoshi, ndiyo maana wanatubananisha. Ni kama umepanga chumba: mlango wako una funguo, ila geti ni la mwenye nyumba. Hapo hata ununue ruta kumi!

Unaweza kuomba kampuni ikupe anwani ya peke yako, ila uliza bei kwanza. Mimi nimeweka Tailscale kwenye simu na kwenye seva, nikaingia kwa akaunti moja. Yenyewe inatoka ndani kwenda nje, kwa hiyo geti haliisumbui.

Ile poti niliyofungua kwenye ruta nimeifunga. Kuna programu zinazunguka intaneti usiku na mchana zikigonga madirisha ya watu kutafuta nywila nyepesi, na mle kuna madeni yote ya wateja wangu.

Ruta ya zamani imerudi kazini, inapiga mzigo kama kawaida. Hii mpya naiuza 70,000, boksi lake lipo.