Jiko dogo lenye giza? Usibomoe ukuta

Nyumba nyingi za mawe katika Mji wa Kale wa Lamu zina vyumba vyembamba kwa sababu dari hubebwa na boriti za mikoko, ambazo kwa kawaida hazivuki mita 3. Boriti hizo hushikwa na kuta nene za matumbawe. Ukibomoa ukuta ili upanue jiko, dari inaweza kuporomokea familia.

Zipo njia salama za kupata nafasi na mwanga:

1. Futa masizi, kisha paka kuta chokaa nyeupe. Epuka saruji na rangi ya mafuta. Huzuia unyevu kutoka ukutani na lipu hubambuka.

2. Panga vyombo na viungo ndani ya vidaka ili sakafu ibaki wazi.

3. Ondoa kabati lililoziba dirisha.

4. Unapopika, fungua mlango wa uani ili mwanga uingie na moshi utoke.

Mji huu ni Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2001. Kabla ya kutoboa dirisha au kugusa ukuta, wakazi wanaombwa kufika kwanza katika afisi ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, Lamu.