SOMO: Rangi za maji nyuma ya picha zetu



Siku moja tulitengeneza bango la mkutano wa upatanisho. Mama mmoja alikubali picha yake itumike. Lakini nyuma yake kibao cha shule kilisomeka wazi. Alipoliona bango alituuliza: « Sasa wale walionifukuza si wamejua ninapolala? » Tuliliondoa siku ile ile. Tangu hapo, picha ya mtu tunaikata na kuiweka, kwa kompyuta, juu ya mandhari iliyochorwa kwa mkono. Katika somo hili tunaeleza jinsi ya kufanya hivyo.

Vifaa

Karatasi nzito (gramu 300 ndiyo nzuri), kisanduku cha rangi za maji, brashi pana na nyembamba, vikopo viwili vya maji, kitambaa, ubao na utepe wa gundi.

Kuchora

1. Bandika karatasi kwenye ubao pande zote nne ili isijikunje.
2. Lowesha karatasi kwa maji safi. Paka buluu nyepesi sehemu ya juu, uache itiririke yenyewe. Hiyo ni anga.
3. Anza na rangi nyepesi, umalize na zilizokolea. Weupe ni karatasi yenyewe. Ukitaka mawingu, gusa rangi ikiwa bado mbichi kwa kitambaa kikavu.
4. Ngoja ikauke kabisa, kisha paka vilima. Vya mbali viwe vya buluu hafifu, vya karibu viwe kijani kilichokolea, kama tunavyoviona tukiwa ng'ambo ya Ziwa Kivu. Ukifanya haraka, vilima vitayeyuka ndani ya anga.
5. Nyunyiza chembe chache za chumvi ya jikoni juu ya rangi mbichi. Zitaacha alama kama nyota. Zipanguse zikikauka.

Kuingiza katika kompyuta

Tumia skana kwa nukta 300 kwa inchi. Kama hakuna skana, piga picha kwa simu: kaa kivulini karibu na mlango, bila taa ya simu, simu ikiwa sambamba na karatasi.

Programu ya GIMP ni ya bure na hufanya kazi bila intaneti ukisha kuiweka. Mandhari iwe tabaka la chini. Kata picha ya mtu kwa kufuata ukingo wake, uiweke tabaka la juu.

Tahadhari

- Mwonyeshe mwenye picha kazi iliyokwisha, umwombe ruhusa tena. Kwa mtoto, waulize wazazi au walezi pia.
- Kubadili mandhari hakufichi uso. Mtu akiwa hatarini, tumia mikono yake tu, au mgongo wake.
- Zima huduma ya mahali katika simu kabla ya kupiga picha, maana picha inaweza kubeba alama ya mahali ilipopigwa.
- Usitume faili lenye matabaka. Picha ya asili inaweza kuwa bado imo ndani. Tuma nakala ya JPEG iliyounganishwa.
- Usimlazimishe mtu kuchora aliyoyaona. Mmoja atataka kuchora shamba lake, mwingine bado hawezi. Wote wawili wana haki.

Kwa viongozi

Waalikeni watu wa jamii mbalimbali wachore mandhari moja ndefu kwa pamoja. Rangi ya mmoja itaingia ndani ya rangi ya jirani, na watalazimika kusemezana. Mwanzo huo ni mdogo, lakini ni mwanzo.

Maswali ya kujadiliana

1. Ni picha gani za familia zetu zimekwisha kutolewa bila sisi kuulizwa?
2. Tukichora mahali ambapo sote tungependa kuishi, tutaanza na nini?
3. Nani katika kundi letu atatunza picha, na nani atakuwa na ruhusa ya kuziona?