Kabla Hujapiga Hema Nainokanoka

Msimu wa kiangazi ukiingia, magari yaliyofungwa mahema juu ya paa huongozana kutoka Karatu kuelekea lango la Lodoare. Wengi hulala Simba A, ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Wachache hukata kulia, wakazunguka ukingo wa mashariki na kuendelea hadi Nainokanoka, chini ya Mlima Olmoti. Majibu yafuatayo yanawalenga zaidi hao wachache, ingawa wa Simba nao watapata lao.

Kambi ya Ngorongoro naombea TANAPA, shirika la hifadhi za taifa?

Hapana, na hapa ndipo wengi hujikwaa. Mwaka 1959 Ngorongoro ilitengwa na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ili wafugaji waendelee kuishi humo pamoja na wanyamapori. Tangu hapo ina msimamizi wake, Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro, yenye tozo zake na utaratibu wake wa malipo. Kibali cha TANAPA hakikuvushi Lodoare.

Mkanganyiko mkubwa zaidi uko Ndutu, ambako mpaka wa Ngorongoro na Serengeti unapita katikati ya mbuga na kambi zipo pande zote mbili. Ukilipia upande mmoja kisha ukapiga hema upande wa pili, umelala bila kibali, hata kama risiti yako ni halali kabisa. Basi swali la kwanza kumuuliza anayekupangia safari si bei. Ni hili: kambi hiyo iko kwenye ardhi ya nani?

Kambi ya umma na kambi maalumu zinatofautianaje?

Kambi ya umma, kama Simba A, unalipia kichwa kwa usiku mmoja. Kuna vyoo, mabafu na mahali pa kupikia, na hakuna aliyewekewa nafasi: anayewahi huchagua, anayechelewa hubana hema lake karibu na njia ya chooni. Kambi maalumu hupewa kundi moja tu kwa usiku huo. Unalipa zaidi, na ajabu yake ni kwamba unalipa zaidi ili upate pungufu: hakuna bomba, hakuna choo, hakuna paa. Unachonunua ni upweke. Maji, choo cha kubeba na nishati ya kupikia vyote unakuja navyo, na takataka unaondoka nazo.

Niombe mapema kiasi gani?

Kwa kambi ya umma, siku chache zinatosha. Kwa kambi maalumu, hesabu kwa miezi, hasa Januari hadi Machi, nyumbu wanapozaa kwenye mbuga za Ndutu na kila kampuni ya utalii inagombea vivuli vilevile. Juni hadi Oktoba nako kuna msongamano. Aprili na Mei nafasi huwa tele, lakini mvua za masika hugeuza barabara ya Nainokanoka kuwa utelezi, na gari lisilovuta magurudumu yote manne lisijaribu.

Ombi peke yake halishikilii kambi. Kinachoishikilia ni malipo.

Nalipaje bila kuibiwa?

Kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya serikali, ile inayoanza na 99, kupitia benki au simu. Mtu akikutaka utume tozo ya kambi kwenye namba yake binafsi, iwe kwa sababu yoyote ile, acha. Ukipitia wakala, dai kuona risiti yenye tarehe na jina la kambi. Ukiona bei kwenye jedwali la tozo, uliza kama VAT imo au bado, maana hapo ndipo bajeti nyingi hupasuka. Mtanzania hulipa kwa shilingi na kwa kiwango cha chini sana kuliko mgeni, lakini lazima athibitishe uraia: beba kitambulisho cha NIDA, si picha yake kwenye simu iliyoishiwa chaji.

Nainokanoka nitakuta nini?

Baridi, kwanza kabisa. Ukingo wa kreta uko takriban mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na huku ni juu zaidi. Juni hadi Agosti ukungu huweza kukaa hadi asubuhi imeshatembea, na wazee utawaona wamejifunika mablanketi mazito mchana. Begi la kulalia la Pwani halifai kitu hapa.

Hiki ni kijiji cha wafugaji wa Kimaasai, si uwanja wa watalii. Maji ya kijito ni ya watu na mifugo yao, kwa hiyo usioshee sufuria humo. Usimpige mtu picha bila kumwomba. Mahitaji yako nunua Karatu, maana maduka ya kijijini ni madogo.

Kituo cha askari wa hifadhi kipo kijijini, na huwezi kutembea kwa miguu bila askari mwenye silaha. Naye aombwe mapema, pamoja na kambi. Ndiye atakayekupandisha Olmoti, mlima unaozidi mita 3,000, hadi kwenye maporomoko ya Mto Munge, unaoshuka mpaka Ziwa Magadi ndani ya kreta ya Ngorongoro. Wanaoendelea kwa miguu kupitia Bulati hadi kreta ya Empakaai hukodi punda wa mizigo.

Usiku, chakula kisikae ndani ya hema. Fisi hanusi risiti.

Naweza kulala ndani ya kreta?

Hapana. Magari yote hutoka kabla ya saa 12 jioni.

Kibali cha kuingia kinaisha lini?

Huhesabiwa kwa saa 24 tangu kuingia, hivyo kuingia saa 10 jioni si hasara. Lakini ukivuka kwenda Serengeti na kurudi kwa njia hiyohiyo, unalipa Ngorongoro upya, hata kama unapita tu.