Usiuze usiku wako kwa bei ya uzi

Wadogo zangu wa Rumonge, na ninyi wa Minago na Nyanza-Lac, sogeeni tuongee. Mmoja wenu kaniuliza: "Dada, nimefuma vitambaa vya makochi, kofia za watoto na pochi. Nataka kwenda navyo kwenye maonyesho. Niviuze vipi?"

Swali lako limenigusa, mdogo wangu, kwa sababu maonyesho yangu ya kwanza niliuza kila kitu, meza ikabaki nyeupe, halafu nikakopa nauli ya kurudi nyumbani. Nilihesabu bei ya uzi, nikaongeza kidogo, basi. Mikono yangu sikuihesabu.

Shika neno hili. Sweta la dukani hufumwa na mashine, lakini kroshia haina mashine. Kila kitanzi kimevutwa na sindano iliyo mkononi mwa mtu, hata kama kitambaa chenyewe kimetoka Uchina. Basi anayenunua pochi yako ananunua saa zako, na uzi ni sehemu ndogo tu ya bei. Fuma pochi moja huku ukiangalia saa, tangu kitanzi cha kwanza hadi kuficha ncha za uzi. Tuseme uzi umekula faranga 5,000 na wewe umetumia saa 4. Muulize fundi cherehani wa mtaani kwako, kazi ya saa 4 analipwa ngapi? Jumlisha na uzi, kisha nauli na kodi ya meza. Bei ikikutisha, usiipunguze, badili unachofuma. Shuka la wiki tatu lingoje mteja aliyeagiza na kulipa nusu mbele. Mezani weka vitu vya saa chache.

Vitu gani? Hapa ndipo wengi mnapotea, mnafuma kile kile kilicho kwenye meza ya jirani. Kule Nairobi wana maonyesho ya mashabiki wa vibonzo, NAICCON, na shabiki hatafuti kitu kizuri tu, anatafuta yule mhusika anayempenda. Kwetu watu wanapenda nini? Ziwa! Nifumie samaki mukeke wa kuning'iniza ufunguo: urefu wa kidole, uzi wa kijivu mgongoni na mweupe tumboni, mkia uliogawanyika, ushanga mweusi wa jicho. Mtoto wa Rumonge anayeishi mbali atamtambua kabla hujafungua mdomo. Fuma pia kofia nyekundu, nyeupe na kijani za mashabiki wa Intamba mu Rugamba, timu yetu iliyocheza Kombe la Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2019. Rangi ni za wote. Nembo ya timu ina mwenyewe, usiifume bila ruhusa.

Jambo jingine ni harufu, tusifichane. Nyumba zetu zina mawese na ndagala, na uzi hunywa harufu kama sifongo. Mteja wa Bujumbura akiinua kofia ya mtoto, kwanza huipeleka puani. Fumia mbali na jiko, nawa mikono kwa sabuni, na kitu kikimalizika tu kiingie kwenye mfuko uliofungwa.

Ukiuza hapa hapa Rumonge, tazama mwezi. Wavuvi wetu huvua kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu samaki hawafuati taa, kwa hiyo fedha hupungua mjini. Siku hizo kaa ufume. Giza likirudi na mitumbwi ikiingia imejaa, toa meza.

Maonyesho ya wajasiriamali wadogo ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, wengi wanayaita Jua Kali, huhama nchi hadi nchi: Mwanza 2021, Kampala 2022, na Desemba 2023 yakaja Bujumbura, nasi tuko njia moja tu kando ya ziwa. Yakiwa ng'ambo, jiungeni watu kadhaa mgawane gharama. Ulizeni forodhani kuhusu cheti rahisi cha uasili wa bidhaa. Ni cha mzigo usiozidi dola 2,000 ambao bidhaa zake zimo kwenye orodha inayokubalika. Yakiwa hapa nyumbani, beba chenji za faranga 500 na 1,000, na namba yako ya Lumicash iandike kwa tarakimu kubwa.

Jioni ya siku ya mwisho atakuja mama mmoja, ageuze pochi, aseme, "Mwanangu, huu si uzi tu?" Usikasirike wala usishushe bei. Mpe aishike, umwambie kwa heshima, "Mama, hii ni saa 4 za mkono wangu." Kisha nyamaza. Wengine wataondoka, waache. Wapo watakaorudi.

Leo usiku, kabla ya kitanzi cha kwanza, chukua daftari uandike umeanza saa ngapi.