Watoto Wetu na Mashindano ya Mataifa
Somo kwa wakatekumeni walio wazazi na walezi

Katika vilima vya Masisi na katika vijiji vya msituni Walikale, jioni ifikapo, watoto hufunga matambara kwa kamba za mgomba wakapata mpira. Mawe mawili huwa lango. Mzazi arudiye shambani na jembe begani husikia kelele tu, akasema: "Hao wapoteza wakati." Lakini mlezi mwenye busara husimama kidogo, akatazama. Maana mtoto achezapo huufunua moyo wake. Akiwa mwongo, huonekana. Akiwa mwenye choyo, huonekana. Akiwa mvumilivu, huonekana vilevile.

Mtume Paulo alilijua jambo hilo. Karibu na mji wa Korinto watu walikusanyika kila baada ya miaka miwili kushindana mbio na mieleka, na mshindi alivikwa taji la majani. Ndiyo maana katika waraka wake wa kwanza kwa Wakorinto, sura ya 9, Paulo aliwaonyesha Wakristu mfano wa mkimbiaji ajinyimaye mengi kwa ajili ya taji linyaukalo, ili wao wajitawale zaidi kwa ajili ya taji lisiloharibika.

Basi, hata leo mashindano ya mataifa yaweza kuwa kitabu cha malezi. Mafundisho matatu yatosha kwa somo hili.

1. Kumaliza kazi iliyoanzwa

Mwezi wa Oktoba mwaka 1968, katika Michezo ya Olimpiki ya Mexico, John Stephen Akhwari wa Tanzania alikimbia mbio ndefu za marathoni, ambazo ni kilometa 42 na zaidi. Njiani alianguka, goti lake likaumia vibaya. Alifungwa kitambaa, akaendelea, mara akikimbia, mara akichechemea. Mamo Wolde wa Ethiopia alikuwa amekwisha kushinda zaidi ya saa moja kabla. Giza lilikuwa limeingia na watazamaji wengi wamekwenda zao, Akhwari alipoingia uwanjani. Kati ya watu 57 waliomaliza, yeye alikuwa wa 57. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma mbali vile ili aanze mbio tu, bali azimalize.

Wapo watoto wengi Masisi na Walikale ambao vita viliwatoa shuleni. Wakirudi, huketi darasa moja na wadogo zao, nao huona haya. Wengine huacha kabisa kwa sababu ya kuchekwa. Mtoto wa namna hiyo ahadithiwe habari za Akhwari. Aambiwe kwamba kuchelewa kwa sababu ya jeraha si aibu, na kwamba mtu aliyefika wa mwisho aliheshimiwa na dunia nzima. Nao wenzake waambiwe kwamba amchekaye mwenye kuchechemea hajui mbio ni nini.

Na mzazi mwenyewe asisahau kwamba safari ya ukatekumeni ni ndefu. Atakaye kumfundisha mwanawe kuvumilia, na asiyaache mafundisho katikati ya njia.

2. Kutii sheria hata mwamuzi asipoona

Sheria za mpira ni zile zile kila mahali, kwa taifa kubwa na kwa taifa dogo. Kila upande huingiza watu 11. Hakuna kabila lipewalo lango jembamba ili lisifungwe. Mtoto ajifunzaye hivyo huanza kuelewa haki.

Lakini mwamuzi ni mwanadamu, hawezi kuona yote. Tarehe 22 Juni 1986, katika Kombe la Dunia kule Mexico, Diego Maradona wa Argentina aliutia mpira golini mwa Uingereza kwa mkono. Mwamuzi hakuona, goli likakubaliwa. Argentina ilishinda 2 kwa 1, na baadaye ikalichukua Kombe.

Hapo mtoto mwerevu atauliza: "Basi, kuiba kuna faida?" Mlezi asilikimbie swali hilo. Amwambie kweli yote. Dakika chache baada ya goli la mkono, Maradona huyo huyo aliwapita Waingereza wengi kwa miguu yake, akafunga goli ambalo wengi hulitaja kuwa zuri kupita yote katika historia ya Kombe la Dunia. Aliyeweza kufunga hivyo alihitaji mkono kwa nini? Baadaye alikiri mwenyewe kwamba alitumia mkono. Na hata leo, asifiwapo kwa goli la pili, watu hukumbuka na la kwanza. Mwizi huiharibu hata mali aliyoipata kwa haki.

Mtoto asemaye mbele ya wenzake, "Niliugusa kwa mkono," asifiwe kuliko aliyefunga. Aliyezoea kusema kweli katika mchezo hatakuwa mgeni wa kweli katika kuungama, wala sokoni, wala mbele ya baraza la wazee.

3. Mpinzani si adui

Fundisho hili ndilo kubwa katika nchi hii. Mwaka 1993 watu waliuawa huko Ntoto, Walikale, na vita vya makabila vikaenea mpaka Masisi. Walioumizana walikuwa majirani. Tangu siku zile watoto wengi wamekua wakisikia kwamba mtu wa kabila jingine ni adui, na wengine wametiwa bunduki mikononi kabla ya kuota ndevu.

Mchezo hufundisha kinyume chake. Pasipo upande wa pili hakuna mchezo. Ampigaye mwenzake mpaka aondoke amejinyima mwenyewe furaha.

Tarehe 7 Februari 2024, kule Abidjan, timu ya Kongo ilikutana na Côte d'Ivoire katika nusu fainali ya Kombe la Afrika. Katika juma hilo watu wengi wa Masisi walikuwa wakikimbilia Sake na Goma. Wimbo wa taifa ulipopigwa, wachezaji wa Kongo walifunika kinywa kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili wakaelekeza vidole viwili kwenye kichwa chao wenyewe, mfano wa bunduki. Katika timu ile walikuwamo waliozaliwa Kongo na waliozaliwa Ulaya; wote waliwalilia watu wa mashariki.

Mtoto huweza kuiga ishara ile kama mchezo wa kupigana risasi. Yafaa aelezwe vema. Vidole havikuelekezwa kwa mwingine. Ilikuwa sauti ya wanaouawa huku vinywa vyao vimezibwa. Baada ya ishara ile wachezaji walicheza, wakafungwa 1 kwa 0, na wala hawakuuacha mchezo. Wenye uchungu mkubwa hivyo waliweza kushindwa pasipo kulipiza kisasi. Ndiyo nguvu ya kweli.

Mashauri kwa walezi

Watoto wa Wahunde, Wanyanga, Wahutu, Watutsi, Watembo na wengineo wasigawanywe kwa makabila. Wachanganywe, na kila juma timu zibadilishwe, ili mpinzani wa leo awe mwenzi wa kesho. Walioshindwa na walioshinda wapeane mikono. Mashindano ya mataifa yasikiwapo redioni, mkubwa asiwatukane wageni mbele ya watoto, kwa maana watoto hujifunza kwa wakubwa namna ya kushindwa.

Maswali

Akhwari alishinda nini? – Alishinda tamaa ya kuacha.

Mwamuzi asipoona, nani aona? – Mungu aona, na dhamiri ya mtu.

Mpinzani ni nani? – Ni mwenzi ambaye pasipo yeye hakuna mchezo.

Azimio la juma hili

Kila mzazi akae jioni moja kando ya uwanja wa watoto. Asiulize kwanza, "Nani ameshinda?" Aulize, "Nani amesema kweli? Nani amemwinua aliyeanguka?"