Mgonjwa, Huna Hela, na Bado Una Cha Kutoa



Mpendwa kijana, kuna ugonjwa wa wiki moja: unaumwa, unapona, unatoa shukrani kwenye Misa ya Jumapili na maisha yanaendelea. Leo hatuongelei huo. Tunaongelea ule usioisha: selimundu uliyozaliwa nayo, kisukari, kifafa, mguu uliobaki na ulemavu baada ya ajali ya bodaboda. Pia tunaongelea kitu ambacho mara nyingi huja nao, yaani kukosa hela. Nauli ya kliniki, vipimo, dawa za kila siku, siku za kazi zinazopotea. Kijana mwenye selimundu anaweza kufungua genge lake Jumatatu akiwa mzima, na Jumatano akawa wodini kwa maumivu ya mifupa. Nyanya zinaoza, na mtaji unaishia kwenye matibabu.

Je, imani yetu ina neno kwa kijana huyu zaidi ya "pole, Mungu atakusaidia"? Ndiyo, inalo.

Somo la kutafakari: Marko 5:25-34

1. Injili inajua gharama ya ugonjwa

Tunakumbuka kwamba mwanamke huyu alitokwa damu miaka 12. Lakini soma vizuri mstari wa 26: Marko anasema pia kwamba alikuwa amemaliza mali yake yote kwa waganga na hali ikazidi kuwa mbaya. Hilo halikuonekana dogo kiasi cha kuachwa nje ya Injili. Kwa hiyo ukikaa kitandani usiku unapiga hesabu ya dawa na kodi ya chumba, usidhani unamletea Mungu mambo ya kidunia tu. Hesabu hiyo nayo ni sala, ukimwonyesha.

Angalia pia Yesu anavyomtendea. Hamlaumu kwa kwenda kwa waganga, wala hamdai kitu. Anasimama katikati ya msongamano, anamsikiliza mpaka aseme yote, kisha anamwita binti. Mtu aliyezoea kujificha anapewa jina la mtoto wa nyumbani.

2. Ugonjwa sio kipimo cha imani yako

Wapo watakaokuambia unaumwa kwa sababu ya dhambi, laana ya ukoo au imani ndogo. Katika Yohane 9:1-3 wanafunzi walimuuliza Yesu swali hilohilo kuhusu mtu aliyezaliwa kipofu, naye akakataa kabisa kwamba ni dhambi yake au ya wazazi wake. Mtume Paulo aliomba mara tatu aondolewe mwiba wake (2Kor 12:7-9). Haukuondolewa. Nani atasema Paulo hakuwa na imani?

Hapa ndipo vijana wengi wanaumizwa. Anaombewa, anaambiwa amepona, anaacha dawa, tena ameshatoa hela yake ya mwisho kama "mbegu". Kanisa halifundishi hivyo. Yoshua bin Sira 38:1-15 inatuambia tumheshimu tabibu na tusidharau dawa, kwa kuwa Bwana ndiye aliyeziumba. Na papo hapo inatuambia tusali. Vyote viwili. Kumeza kidonge chako asubuhi baada ya kufanya ishara ya msalaba sio upungufu wa imani hata kidogo.

3. Mtakatifu aliyelala kibarazani

Je, unamjua Mt. Servulus? Aliishi Roma katika karne ya 6. Alikuwa amepooza kiasi kwamba hakuweza kukaa, kujigeuza wala kupeleka mkono mdomoni. Mama yake na kaka yake walimhudumia. Hakuwa na kitu, akawa analala kwenye kibaraza cha Kanisa la Mt. Klementi akipokea sadaka za wapita njia.

Papa Gregori Mkuu aliwasimulia waamini habari zake. Servulus hakujua kusoma, lakini alinunua vitabu vya Maandiko Matakatifu na kuwaomba wageni wamsomee, mpaka akayashika moyoni. Sehemu ya sadaka aliyopewa aliwagawia maskini wengine, kwa mikono ya mama na kaka yake. Siku ya kufa kwake aliwaomba waliokuwepo waimbe naye zaburi, kisha akawanyamazisha ili asikilize nyimbo za mbinguni. Kanisa humkumbuka tarehe 23 Desemba.

Ona: Servulus hakupona. Hakutajirika. Lakini alipokea bila aibu na alitoa bila kungoja awe nacho. Hayo mawili ndiyo somo letu.

4. Pokea bila aibu

Kijana mgonjwa mara nyingi huacha kwenda jumuiya kwa sababu hana mchango. Usiache. Kanuni ya 848 ya Sheria za Kanisa inataka maskini wasikose msaada wa sakramenti kwa sababu ya umaskini wao. Mpako wa Wagonjwa sio wa mtu anayekata roho tu: ugonjwa ukizidi, au kabla ya upasuaji mkubwa, omba, na unaweza kuupokea tena. Kama unaumwa na ulilazimika kula, ile saa moja ya kufunga kabla ya Komunyo haikubani (Kanuni 919). Ukishindwa kwenda kanisani, mwambie mwenyekiti wa jumuiya ili uletewe Komunyo.

Na kwa upande wa matibabu: kwenye hospitali za serikali hapa Tanzania kuna ofisi ya ustawi wa jamii. Kama kweli huna uwezo, nenda ujieleze kabla ya kukimbia bili. Kuomba haki yako sio kuombaomba.

5. Toa ulicho nacho

Siku ukiwa na nguvu, toa nguvu. Siku huna, toa sala kwa jina la mtu fulani, au ujumbe mmoja kwa mwenzako anayeogopa kliniki yake ya kwanza. Wewe unaijua njia hiyo kuliko mhubiri yeyote. Kama siku hiyo huwezi hata hayo, kubali tu kubebwa, kama yule aliyepooza aliyebebwa na watu wanne (Mk 2:1-12). Yesu aliiona imani yao.

Na wewe uliye mzima, hao wanne ndio wewe. Usiulize tu "unaendeleaje?" Uliza: "Kliniki yako lini, na nauli ipo?"

Maswali ya kutafakari

- Ni msaada gani ninaoukataa kwa sababu ya aibu?
- Katika jumuiya yetu, nani ameacha kuja kwa sababu anaumwa au hana mchango?
- Wiki hii nitakuwa mikono ya nani?

Tusali

Ee Yesu, uliyesimama njiani kwa ajili ya mwanamke aliyekuwa amemaliza vyote, simama na kwetu. Unajua maumivu yetu na unajua pochi zetu. Utupe uvumilivu, dawa, na ndugu wa kutubeba. Mt. Servulus, utuombee. Amina.